Bloki ya petroli ziwani: aliyehama naye ana neno

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa familia zilizohama na viongozi wa mila, kando ya Ziwa Albert, Ituri



Nimeombwa kueleza jambo linaloleta maneno mengi kambini: petroli ya Ziwa Albert. Wengine wanasema ziwa limekwisha kuuzwa. Wengine wanasema tulifukuzwa vijijini ili kampuni zipate nafasi. Maneno kama hayo yakizunguka bila kujibiwa, jirani anaanza kumwangalia jirani yake kama mwizi. Kwa hiyo tuangalie kwanza leseni ya kutafuta petroli ni nini, na inaombwa namna gani.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 9, inasema kwamba serikali ndiyo yenye mamlaka juu ya udongo, vilivyo chini ya udongo, maji na maziwa. Ndiyo maana kampuni haiwezi kununua petroli kwa chifu, wala kwa mkubwa wa kikundi chenye silaha. Inapaswa kuomba kwa serikali. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 imeonyesha njia. Serikali inagawanya eneo katika bloki na kutangaza mnada. Kampuni zinapeleka hati zinazoonyesha ujuzi wao na fedha zao. Tume inazichunguza, na anayeshinda anajadili na serikali mkataba wa kugawana mavuno. Mkataba ukisha kusainiwa, unangoja bado ordonansi ya Rais.

Njia hiyo isipofuatwa, sisi wa pembeni ya ziwa tunaona matokeo. Mwaka 2006 kampuni za Tullow na Heritage zilisaini mkataba na serikali yetu kwa bloki 1 na 2 za Ziwa Albert. Ordonansi haikutoka. Mwaka 2008 bloki 1 ikaahidiwa kundi lingine. Mwaka 2010 Rais akatoa ordonansi kwa kampuni mbili mpya, Caprikat na Foxwhelp. Bloki ile ile, makundi matatu, katika miaka minne. Mwananchi akisikia leo jina hili na kesho jina lingine, atamwamini nani?

Na mpaka wa nchi unapita ndani ya ziwa. Mwaka 2006 petroli ilipatikana ng'ambo, upande wa Uganda. Agosti 2007 risasi zililia majini, na Mwingereza mmoja aliyefanya kazi kwa Heritage upande wa Uganda aliuawa. Nchi mbili zikagombania kisiwa kidogo cha Rukwanzi. Tarehe 8 Septemba 2007 marais wawili walikutana Ngurdoto, Tanzania, wakapatana kuzungumza juu ya mpaka na petroli. Mvuvi hakuwa na bloki, lakini ndiye aliyeogopa kutupa wavu wake.

Sasa hali ni hii. Julai 2022 serikali ilitangaza Kinshasa mnada wa bloki 27 za petroli, nne kati yake zikiwa katika bonde letu la Albert. Oktoba 2024 waziri wa hidrokaboni alifuta mnada huo wa bloki 27: maombi yalikuwa machache, mengine yalichelewa au hayakuwa halali. Kwa hiyo mtu akija kambini akisema ameshinda bloki katika mnada ule, mwambieni kwamba mnada ulifutwa, na mwombeni ordonansi yake.

Juu ya wale wanaosema vita ya Ituri ililetwa na petroli, tukumbuke vizuri. Vita ya mwaka 1999 ilianzia Djugu, katika ugomvi wa mashamba ya konsesyo, miaka saba kabla ya mikataba ile. Watu walisikia kwamba hati za mashamba zinatengenezwa ofisini bila wao kujua. Hilo ndilo linalopasa kutuogopesha katika petroli pia: karatasi inayotengenezwa wakati mwenye mahali hayupo.

Na wengi wenu hampo kwenu. Tangu Desemba 2017 vijiji vingi vya Djugu vimebaki bila watu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inataka mradi mkubwa ufanyiwe uchunguzi wa madhara yake kwa mazingira na kwa watu, na wananchi waulizwe maoni. Lakini afisa akifika kijijini na kukuta nyasi tu, atamwuliza nani? Ataandika kwamba hakuna mtu aliyekataa.

Shikeni basi neno hili: leseni ya kutafuta petroli haifuti haki yako. Katiba, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila, na inasema kwamba mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa faida ya wote, tena akilipwa kwa haki na mapema. Haisemi kwamba aliyekimbia amepoteza.

Ninawaomba mambo manne.

Kwanza, kila kijiji kilichohama kiandike majina ya familia, mashamba na mipaka yake, pamoja na pwani wanapovulia samaki. Wazee wa pande zote wawe mashahidi. Nakala moja ibaki kwa chifu, nyingine kambini.

Pili, chagueni wajumbe, wanawake na wavuvi wakiwemo, watakaosema kwa jina lenu uchunguzi ukija.

Tatu, machifu wetu, msisaini karatasi yoyote ya kampuni peke yenu usiku. Isomwe mchana, mbele ya watu, katika lugha wanayoelewa. Sahihi yenu haiwezi kutoa bloki, lakini inaweza kuwagombanisha watu wenu.

Nne, mkisikia habari ya bloki, ulizeni kwanza: iko wapi ordonansi? Mipaka yake ni ipi? Nani aliulizwa? Mpate majibu kabla ya kuipeleka habari hiyo kwa vijana.

Petroli ikiwa chini ya ziwa, itaendelea kukaa pale hata tukichukua muda kuulizana vizuri. Lakini mtu akiuawa kwa sababu ya uvumi, harudi. Orodha ya kijiji inaweza kuanza leo, hapa, kabla hatujatawanyika.