Mwendo wa Damu Katika Mishipa Midogo ya Ubongo

Twapenda kunena habari za mto usioonekana, nao ni mwendo wa damu ndani ya ubongo. Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini ulaji wake ni mkubwa: mwili ukiwa umetulia, ubongo hutwaa karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote tunayoitumia. Tena hauna ghala. Damu ikikoma kabisa kuuingia, mtu huzimia kwa muda wa sekunde 10 hivi, na isiporudi upesi ubongo huanza kufa. Basi tabibu ana haja kubwa ya kujua ni damu kiasi gani ipitayo humo.

Lakini ataipimaje? Ubongo umefungiwa katika sanduku la mfupa, na mishipa inayoulisha hasa ni ile midogo kabisa, iitwayo kapilari. Marcello Malpighi aliiona mishipa ya namna hiyo mwaka 1661 katika pafu la chura. Ni myembamba kuliko unywele wa kichwa mara kumi. Chembe nyekundu ya damu ni pana kidogo kuliko nyingi za njia hizo, hata hulazimika kujikunja ipite, nazo hufuatana moja moja kama wachukuzi katika njia nyembamba ya msituni.

Huko Turin katika Italia, Angelo Mosso alimchunguza mkulima mmoja ambaye fuvu lake lilikuwa limevunjika likaacha tundu. Ubongo ulionekana ukipwita chini ya ngozi. Kengele za kanisa zilipolia, Mosso akaona kupwita kumezidi, ingawa mtu yule hakujongea wala moyo wake haukwenda mbio. Habari hizo alizichapisha mwaka 1880. Lakini kuona kupwita si kupima, wala si kila mgonjwa aliye na tundu kichwani!

Kipimo cha kweli kilitangazwa mwaka 1945 na Seymour Kety na Carl Schmidt wa Philadelphia, Marekani. Ili tukifahamu, na tufikiri birika lililojaa maji matamu, lenye mfereji wa kuingiza maji na mwingine wa kuyatoa. Tukianza kuingiza maji ya chumvi, yale yatokayo kwanza ni matamu. Kisha huingia chumvi kidogo kidogo, hata mwisho yaingiayo na yatokayo huwa sawa. Mto ukiwa na nguvu, usawa huo huja upesi. Ukiwa dhaifu, hukawia. Kwa hiyo anayeonja maji katika mifereji miwili kila dakika aweza kujua nguvu ya mto asioweza kuuona.

Ndivyo walivyofanya. Badala ya chumvi walimvutisha mtu hewa iliyotiwa naitrasi oksaidi kidogo, ile ambayo waganga wa meno huitumia kutuliza maumivu. Kwa muda wa dakika 10 wakatwaa damu kidogo kidogo, nyingine katika mshipa uletao damu kutoka moyoni, nyingine katika mshipa wa shingo utoao damu ubongoni. Wakaona ya kuwa katika vijana wenye afya, kila gramu 100 za ubongo hupata sentimita za ujazo 54 hivi za damu kwa dakika moja. Hesabu hiyo yasimama hata leo. Upungufu wake ni kwamba hutoa wastani wa ubongo mzima. Mwenye kujua mvua ya nchi nzima hajui bado kama shamba lake limenyeshewa.

Kuutazama mfereji mmoja mmoja kulingoja hadubini mpya, iliyotangazwa mwaka 1990 na Winfried Denk na wenzake, inayotumia nuru ya leza. Mwaka 1998 David Kleinfeld, pamoja na Denk na wengine, waliitumia kutazama ubongo wa panya aliye hai. Walitia rangi ing'aayo katika damu. Rangi ikachanganyika na maji ya damu, isiingie ndani ya chembe nyekundu. Kwa hiyo kila chembe ilionekana kama kivuli cheusi kipitacho katika mfereji wa nuru. Wakihesabu kivuli kimekwenda umbali gani kwa muda gani, mwendo ukajulikana: kwa kawaida ni kama milimita moja kwa sekunde, au pungufu. Wala mwendo huo si sawasawa. Mara chembe huenda, mara husimama, kisha huenda tena. Kwa bahati mbaya nuru hiyo hupenya milimita moja tu hivi, hata haiwezi kupita fuvu la mtu.

Twalitaja jambo hili kwa ajili ya malaria. Malaria ikipanda kichwani, chembe nyekundu zenye vimelea hunata katika kuta za kapilari za ubongo na kuziba njia. Lakini mtoto aliyezimia kwa homa, akionekana na vimelea, si lazima awe amezibwa ubongo. Huko Blantyre, Malawi, madaktari waliichunguza miili ya watoto waliodhaniwa kufa kwa ugonjwa huo, na mwaka 2004 wakatangaza ya kuwa karibu robo yao walikufa kwa sababu nyingine. Wakaona tena ya kuwa dalili iliyo bora kuliko zote huonekana nyuma ya jicho, kwa maana utando ule wa ndani ni ndugu wa ubongo, na mishipa yake midogo huzibwa vivyo hivyo. Daktari humtia mtoto dawa ya kutanua mboni, akachungulia kwa taa ndogo. Akiona mabaka meupe na mishipa iliyobadilika rangi, ajua ya kuwa malaria imefika ubongoni. Asipoyaona, humtibu malaria, lakini haachi kutafuta ugonjwa mwingine uliojificha.