Mswada wa Fedha Kiganjani
Mitandao ya kijamii, yaani majukwaa ya intaneti ambamo msomaji ndiye pia mchapishaji, ilidhihirisha nguvu yake nchini Kenya mwezi Juni 2024, vijana walipouchambua Mswada wa Fedha kwenye TikTok na X, wakafafanua kodi ya asilimia 16 iliyopendekezwa kwa mkate (si kazi ndogo, kwa waraka wa kisheria), na kusambaza namba za simu za wabunge. Algorithimu, yaani kanuni za kompyuta zinazoamua mtumiaji aone nini, hupendelea kinachosisimua, hivyo uvumi nao ulipata nafasi. Hasira hiyo ya mtandaoni ikahamia barabarani: tarehe 25 waandamanaji walivamia Bunge, na baadhi yao wakauawa. Kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini mswada huo, na tarehe 5 Julai akajibu maswali ya vijana katika mjadala wa sauti kwenye X.