Kabila Si Ushahidi: Hotuba kwa Waumini na Wapenda Mageuzi wa Turbo



Tuliombwa tuzungumzie amani. Twaomba radhi: tutaanza na ng'ombe aliyepotea. Katika mji huu wetu wa barabara kuu iendayo Uganda, wanakoishi Wanandi, Waluhya, Wakikuyu, Wateso na wengineo, sote twajua mambo yaendavyo. Ng'ombe akikosekana zizini alfajiri, jina la kabila hutajwa kabla nyayo hazijafuatwa. Duka likivunjwa usiku, watu huulizana ni nani waliopanga vyumba vya nyuma, na kwao ni wapi. Kufikia adhuhuri mwizi amekwisha kupatikana, naye si mtu bali ni jamii nzima.

Desturi hii hatukuizua sisi. Mwaka wa 1909 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya adhabu ya pamoja, iliyompa mtawala uwezo wa kuitoza faini jamii nzima kwa kosa la wachache. Wanandi na Wakipsigis waliandikwa na walowezi kuwa wezi wa mifugo kwa asili yao. Mwaka wa 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha Watalai wa Kipsigis, wake kwa waume pamoja na watoto, hadi Gwassi karibu na Ziwa Viktoria. Mtoto aliyebebwa mgongoni alikuwa ametenda kosa gani, ila kuzaliwa katika ukoo ule?

Na Wakikuyu nao? Tarehe 24 Aprili 1954 jiji la Nairobi lilizingirwa katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa mistari kwa maelfu, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwani. Aliyefunikwa gunia alitikisa kichwa tu, na mwenzake akapelekwa kizuizini bila kesi. Babu za pande zote mbili walipimwa kwa kipimo kimoja. Kinachotuhuzunisha ni kwamba wajukuu wao wanatumiana kipimo kile kile, tena mchana kweupe, bila hata gunia.

Ghasia zilipozuka Meteitei, Oktoba 1991, wakati umma ukidai mfumo wa vyama vingi, tuliambiwa kwamba makabila hayapatani. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilieleza mwaka wa 1992 kwamba watu 779 walikuwa wameuawa, na ikawaelekezea kidole wanasiasa na maofisa wa utawala. Bunge likakataa kuipitisha ripoti hiyo. Ripoti ya Tume ya Akiwumi, iliyotolewa hadharani mwaka wa 2002, nayo ilitaja majina ya watu. Huku vijijini sisi tuliendelea kutaja makabila: Mkikuyu mnyang'anyi wa ardhi, Mkalenjin mchomaji wa nyumba. Waliotajwa kwa majina yao walilala usingizi mnono. Tena, anayesema kwamba Wakalenjin wote walikuwa kitu kimoja na watawala wa siku zile, atamweka wapi Askofu Alexander Muge wa Eldoret, Mnandi, aliyekemea dhuluma waziwazi? Waziri alimtisha asithubutu kukanyaga Busia. Alikwenda, na tarehe 14 Agosti 1990 akafa katika ajali barabarani akirejea.

Tufike sasa Kiambaa, maana hatuwezi kukaa Uasin Gishu tukaiepuka. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa lililojaa wakimbizi, wengi wao wanawake na watoto wa Kikuyu, lilichomwa moto. Vijana wanne wakashtakiwa kwa mauaji, kosa ambalo adhabu yake kisheria wakati ule ilikuwa kifo. Aprili 2009 Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, aliwaachilia huko Nakuru kwa kukosekana ushahidi wa kutosha, akawalaumu polisi kwa uchunguzi duni. Upande mmoja ulilia kwamba wauaji wameachiliwa. Upande wa pili ulisema umesingiziwa tangu mwanzo. Sisi twaona kwamba wote walidhulumiwa na uzembe ule ule. Mchunguzi asipokusanya ushahidi, waliofiwa hawampati mkosaji, na jirani asiye na hatia habandukani na tuhuma. Shutuma ya kabila zima ni maficho mazuri mno kwa mtu aliyeshika kiberiti.

Wasomaji wa Biblia wamkumbuke Nabothi. Mashahidi wawili wa uongo walisimamishwa, akapigwa mawe, na mfalme akashuka kuitwaa shamba lake la mizabibu. Tunaposikia katika bonde hili kwamba jamii fulani ni wahalifu, hatuna budi kuuliza vilevile ni shamba la nani linalotazamwa.

Katiba ya 2010, Ibara ya 50, yasema kila mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ibara ya 27 yakataza ubaguzi wa kikabila. Maneno hayo hayatashuka yenyewe hadi zizini. Kwa hiyo twapendekeza kila kanisa hapa Turbo lichague wazee wawili kutoka jamii mbili tofauti. Mifugo ikiibwa, wafuate nyayo pamoja, waandike walichokiona na saa waliyokiona, kisha waende kituoni na aliyeibiwa. Atakayetaja kabila aulizwe jina la mtu. Asipokuwa nalo, karatasi iandikwe kwamba hajulikani, na utafutaji uendelee.