Glavu za Kutengenezea Mashine: Zipi Uvae, na Wakati Gani Uzivue

Mbegu na mbolea tuziweke kando kwa leo. Nataka tuzungumze juu ya glavu za kuvaa mkononi wakati wa kutengeneza mashine.

Labda yuko mzee anayecheka huko aliko, anasema glavu ni mambo ya watu wa mjini. Haya, mzee wangu, cheka, lakini usizime redio. Tangu ilipotolewa kaulimbiu ya Kilimo Kwanza mwaka 2009, matrekta madogo ya kuongozwa kwa mikono, haya tunayoyaita pawatila, yameingia kwa wingi katika mashamba ya mpunga nchini. Ziko pia mashine za kusaga na kukoboa, ziko pampu za maji, na pikipiki ndizo usiseme. Sasa pawatila ikifa katikati ya majaruba, na siku hiyo ndiyo zamu yako ya maji ya mfereji, je, utangoja fundi atoke Iringa mjini? Hungoji. Unashika spana mwenyewe, na kijana wako anakushikia taa. Haraka hiyo ndiyo inayokula vidole vya watu.

Basi tuanze na lile lililo kubwa kuliko yote. Glavu ni ya mashine iliyozimwa. Mashine inayozunguka haishikwi kwa glavu, na ukiwa karibu na mkanda, puli, shafti au drili inayozunguka, glavu zivue. Wengi hufikiri kinyume chake, yaani kwamba hatari ikiwa kubwa ndipo glavu ivaliwe. Lakini angalia jinsi mkanda wa mashine ya kukoboa unavyoingia kwenye puli. Ukinasa ncha ya glavu, hasa glavu kubwa inayopwaya, kitambaa hakikatiki upesi. Kinavutwa, na mkono unakifuata. Hata uwe na nguvu za ng'ombe huwezi kuuwahi. Mkono mtupu nao usiupeleke pale, maana mkanda hauchagui. Zima injini, ngoja gurudumu zito lisimame kabisa, ndipo uvae glavu na kuanza kazi. Na mkanda uwe na kinga yake ya bati au wavu. Mashine nyingi za vijijini huzioni na kinga hiyo. Ilifunguliwa siku moja kwa ajili ya matengenezo, haikurudishwa.

Hivyo hivyo kwenye pawatila. Majani na matope yakijizungusha kwenye majembe ya nyuma, watu hubana klachi tu, kisha wanainama kuyang'oa. Klachi ikichomoka je? Zima injini kwanza. Kisha vaa glavu ya ngozi, kwa sababu jembe lililosuguliwa na udongo msimu mzima ni kali kama kisu, na ndani ya majani mara nyingine mna waya au chupa iliyovunjika.

Kuwasha injini kwa hendeli ni kazi nyingine ya kuvua glavu. Glavu yenye grisi huteleza kwenye hendeli, na injini ya dizeli ikipiga nyuma huweza kuvunja mkono. Shika hendeli kwa mkono mkavu, kidole gumba ukiweke upande mmoja na vidole vingine, usiizungushe hendeli ndani ya kiganja. Wazee wa matrekta wanalijua hili; vijana wafundishwe.

Sasa tuingie dukani. Ukifika Iringa mjini utaonyeshwa glavu za kila namna, na muuzaji atakuambia zote ni nzuri. Wewe mwulize swali moja tu: hizi ni za kazi gani?

Glavu ya ngozi ni ya vitu vikali na vitu vizito: majembe, bati, kubeba injini, kuvuta mnyororo. Inafaa pia kwa chuma chenye moto kiasi, lakini iwe kavu. Ngozi iliyolowa maji ukishikia ekzosi ya moto, maji yale hugeuka mvuke na kukuunguza ndani ya glavu yenyewe. Ngozi iliyonywa mafuta nayo huteleza.

Kwa kazi ya mafuta, yaani kumwaga oili, kufungua chujio, kupaka grisi, tafuta ile ya mpira usiodhurika na mafuta. Wauzaji huuita naitraili. Nyingine ni nyembamba za kutupa, nyingine ni za kitambaa zilizopakwa mpira huo kiganjani. Usidanganyike na zile nyembamba za mpira wa kawaida, kama za zahanati. Mpira wa mti ukikutana na dizeli au oili huvimba, unalegea, kisha unachanika, wala hutagundua mpaka vidole viwe vyeusi. Na ile ya kufumwa kwa pamba tupu ni nzuri kwa kubebea matofali. Kwenye injini inanyonya mafuta kama utambi wa kibatari na kuyaweka kwenye ngozi yako kutwa nzima. Karibu na moto, utambi ni utambi. Oili chafu iliyotoka kwenye injini si uchafu wa kawaida: ikikaa kwenye ngozi mara kwa mara kwa miaka huleta upele na vidonda, na inahofiwa kuleta hata saratani ya ngozi. Kunawa kwa petroli ndiyo kuharibu kabisa. Jipake mafuta kidogo ya kupikia, usugue na kitambaa, halafu sabuni na maji.

Maji ya betri yanataka glavu ya mpira isiyotoboka, ndefu kupita kifundo cha mkono, na macho nayo yakingwe. Yakikurukia, mwagia maji mengi na uendelee kumwagia kwa muda mrefu.

Kipimo nacho ni muhimu kuliko bei. Chukua uzi, zungusha kiganja chako mahali kipana bila kuhesabu kidole gumba, kisha upime uzi huo kwa rula. Sentimita 20 ni karibu namba 8, sentimita 23 ni namba 9, na sentimita 25 ni namba 10. Ukishaivaa, okota nati ya spana namba 13 pale pale kaunta. Ukishindwa kuiokota, hutaweza kuifunga shambani. Utaivua glavu na kuitupa pembeni, na fedha imekwenda. Akina mama wanaoendesha mashine za kusaga wasikubali kupewa namba 10 eti ndiyo iliyobaki. Glavu inayopwaya ni mtego.

Hapa nisimame kidogo kwenye jambo ambalo glavu yoyote ile hailiwezi. Injini ya dizeli ikigoma kuwaka, watu huifungua nozeli, wanazungusha hendeli, na wanaweka kiganja mbele yake kupima kama dizeli inatoka. Ndugu, tafadhali sana, acheni. Dizeli hutoka pale kwa nguvu inayozidi mara thelathini ile ya upepo ndani ya tairi la baiskeli. Inapenya glavu, inapenya ngozi, inaingia ndani ya nyama. Kidonda chake ni kidogo kama umechomwa na sindano, na mwanzoni huenda kisiume sana. Mtu anajifuta na kuendelea na kazi. Usiku mkono umevimba, na huko ndani nyama inakufa. Wako waliokatwa kidole au mkono kwa sababu ya kusubiri asubuhi. Jambo hilo likitokea, usikande, usifunge dawa ya kienyeji. Mgonjwa aondoke saa ile ile kwenda hospitali yenye upasuaji, kama Tosamaganga au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Iringa, na amwambie daktari wazi: dizeli imeingia mkononi kwa nguvu ya mashine. Asipolisema, atafungwa bandeji na kurudishwa nyumbani.

Neno moja kwa wenye mashine walioajiri vijana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikingia. Kwa hiyo usimwambie kijana ajinunulie glavu kwa ujira wake, wala usimpe zile ulizotupa wewe.

Mwisho ni utunzaji. Glavu za kupulizia dawa ya wadudu zikae peke yake, zitiwe alama ya rangi, zisiingie kamwe kwenye kisanduku cha spana. Sumu iliyobaki ndani yake inakungoja. Za ngozi zianikwe kivulini, maana jua kali na moto wa jikoni huzikakamaza. Za mpira zioshwe kwa sabuni, kisha kabla ya kuzivaa tena zijaze maji na kuzibana mdomo: maji yakichuruzika kwenye kidole, hiyo si glavu tena. Ile ya ngozi iliyochanika kiganjani tu, ishone. Ikichanika vidoleni, itupe.