Kazi ya Kukusanya Michango: Maneno kwa Walimu na Vijana

Tumepewa nafasi ya kusema katika siku hizi za jubilii, nasi tumechagua kusema juu ya kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa kazi, yaani kukusanya mali za watu kwa ajili ya wahitaji. Kijana akisema ataka kuwa mwalimu au mwuguzi, wazazi wake hufurahi. Akisema ataka kuajiriwa na chama cha kutunza yatima, awe mtafuta fedha wao, baba yake humwuliza, "Je, nilikusomesha ili uende kuomba?" Na jirani huongeza neno lililo baya zaidi: "Huyo amepata mahali pa kulia." Maneno hayo mawili ndiyo yaliyotusimamisha hapa, kwa maana la kwanza si kweli, na la pili mara nyingine ni kweli.

La kwanza tulimalize upesi. Kujiombea nafsi yako na kumwombea mwingine ni mambo mawili mbalimbali. Mtume Paulo alichangisha makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, wala hatumwiti mwombaji. Aliwaagiza Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kadiri alivyofanikiwa, ili michango isingoje siku ya kufika kwake. Tena hakutaka kuichukua fedha ile peke yake. Alichaguliwa mtu na makanisa afuatane naye, asije akapata lawama. Angalieni basi: mtu aliyeaminiwa kuliko wengi alitaka kuwe na macho mengine juu ya fedha.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kijana hudhani kwamba kazi hii huanza kwa ulimi mtamu. Sivyo, huanza kwa daftari. Twajua sote mnada wa baada ya ibada: mama ameleta mayai sita, mzee mkungu wa ndizi, na kuku yuko pale amefungwa miguu. Watu hucheka, hupandishana bei, fedha huingia katika sahani. Wawili wakihesabu, wa tatu akiandika, na wote wakitia sahihi kabla fedha haijaondoka mezani, neno limekwisha. Lakini katika mtaa mmoja tulimwona mtu akitia fedha mfukoni na kuahidi kwamba atazihesabu nyumbani. Labda hakugusa hata senti moja. Mwaka uliofuata mayai yalipungua, wala hakuna aliyesema kwa nini.

Na fedha iliyotolewa kwa mabati ni ya mabati. Hata kama mtungi wa maji umepasuka, hata kama mwalimu hajalipwa, mkusanyaji hana ruhusa ya kuigeuza pasipo kurudi kwa waliotoa na kuwauliza. Jambo hili huwashinda wengi, maana haja zote huonekana njema. Anayejifunza alishike mapema, kwa sababu baadaye atashawishiwa na wakubwa wake mwenyewe.

Juu ya kuwafikia watu, iko habari moja ya Uingereza inayofaa kujulikana. Mwezi wa Desemba mwaka 1886 merikebu iitwayo Mexico ilipatwa na dhoruba katika pwani ya Lancashire. Mashua za kuokoa watu zilikwenda kuisaidia, na wanamaji 27 wa Southport na St Annes wakafa maji, wakaacha wajane na yatima. Mwenye kiwanda mmoja, Charles Macara, aliona kwamba chama cha mashua hizo kilikuwa kikitegemea mno matajiri wachache. Basi mwaka 1891 akaandaa maandamano makubwa mjini Manchester, mashua zenyewe zikapitishwa barabarani mbele ya watu wa viwandani, na sarafu zikakusanywa njiani. Zilipatikana zaidi ya pauni 5,000 siku ile. Wengi wa watu hao walikuwa hawajapata kuombwa kamwe. Twaona maskini hudharauliwa hata katika kuombwa, kana kwamba hana cha kutoa.

Wakenya nao, tangu mwaka 1963 Jomo Kenyatta alipoinua mwito wa harambee, wamejenga shule nyingi kwa michango yao. Lakini wakubwa wengine waliitumia harambee kujitafutia jina, na watumishi wadogo wakalazimika kuchanga kwa hofu. Hata sheria ya mwaka 2003 ikawakataza watumishi wa serikali kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Kipawa kilichotolewa kwa hofu ni kodi, kiitwe jina lo lote.

Sasa lile neno la pili, la kulia. Je, mkusanyaji alipwe? Twasema alipwe, kwa kuwa yeye naye ana watoto; bali alipwe mshahara unaojulikana na kamati, asipewe fungu katika kila shilingi anayoleta. Chama cha Marekani cha watu wa kazi hii, kilichoanzishwa mwaka 1960, chawakataza wanachama wake kulipwa kwa fungu la namna hiyo. Sababu ni wazi: mwenye fungu atambana mjane, na mtoaji hatajua kiasi gani kimefika kwa yatima. Vilevile tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, michango mingi hupita katika simu. Ni jambo jema, ila namba ya kupokelea iwe kwa jina la chama, isiwe ya mtu mmoja.

Kijana atakayeanza atakataliwa mara nyingi kuliko atakavyopewa. Asinune, asiandike jina la mtu kuwa ni mchoyo. Pengine mtu huyo ana mgonjwa nyumbani. Ajue bei ya bati moja na idadi ya mabati kabla hajabisha hodi, na kamati yake iwe imekwisha kutoa kwanza. Na akipewa, ashukuru kwa barua yenye jina na kiasi, kisha arudi baada ya miezi kueleza fedha imefanya nini. Wengi hurudi kwa ajili ya kuomba tena tu, nao hushangaa mlango ukifungwa.

Barua za shukrani kwa waliotoa kwa ajili ya jubilii hii bado hazijaandikwa. Daftari la majina liko kwa mweka hazina. Kijana ye yote, mwanamume au mwanamke, atakaye kuionja kazi hii, na aje Jumatatu saa tisa katika chumba cha mikutano, akiwa na kalamu, karatasi zipo.