Watazamaji wa filamu na sauti ya msimulizi
Maoni ya watazamaji wa kawaida, yaani wasio wahakiki kwa taaluma, hayaeleweki vyema katika vituo kama Gety, kwenye teritori ya Irumu nchini Kongo (DRC), pasipo kumtaja msimulizi wa filamu, ambaye huweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu ya kigeni, akitafsiri, akitania na kuwapachika waigizaji majina mapya, kama walivyojulikana kwa kufanya hivyo Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya. Anayemsifu shujaa wa filamu ya Hong Kong kwa maneno yake makali huenda anamsifu msimulizi, wala hakuna ubaya. Maoni ya watazamaji hao yana uzito: hata serikali ya Kongo, ilipoipiga marufuku kwa muda mwaka 2015 filamu ya mwongozaji Thierry Michel kuhusu Daktari Mukwege, anayewatibu wanawake waliobakwa, ikidai inalichafua jeshi, iliwahofia watazamaji haohao wa kawaida.