JINA LA CHAMA KATIKA INTANETI: NANI ANASHIKA DAFTARI?

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa Makatibu wa Vyama Wanachama)



Nimeombwa niseme machache juu ya utunzaji wa majina na tovuti za vyama vyetu kwa kutumia programu huria. Mimi si fundi wa kompyuta. Ni mkaguzi wa vitabu. Jambo hili nimelifikia kwa njia ya ukaguzi, nami nitalieleza kwa lugha ya daftari, ambayo sote tunaielewa.

Kila seva hutambulikana kwa namba, lakini watu hukumbuka majina. Zamani majina na namba zote za mtandao ziliandikwa katika faili moja lililotunzwa mahali pamoja. Mashine zilipozidi, faili hilo likaelemewa. Mwaka 1983 Bwana Paul Mockapetris, Mmarekani, akabuni mfumo uitwao DNS, ambao ndani yake kila mwenye jina hutunza daftari lake mwenyewe, na anayeuliza huelekezwa ngazi kwa ngazi hadi kwa mwenye daftari. Bila shaka ndugu mnaona kwamba huo ni utaratibu unaofanana na wetu: chama cha msingi kina kitabu chake, na Chama Kikuu hujua kitabu hicho kiko wapi.

Programu za kutunza daftari hilo zipo nyingi. BIND ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980. PowerDNS ya Uholanzi iliwekwa huria mwaka 2002. Kwa kusimamia tovuti na barua pepe kuna paneli kama Virtualmin na ISPConfig. Kuitwa huria maana yake ni kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma programu, kuitumia na kuirekebisha. Kwetu Tanzania jambo hili si geni, kwani rejista ya majina yaishiayo na .tz iliendeshwa kwa FRED, programu huria iliyotungwa Jamhuri ya Czech.

Watu wengi huvutwa na unafuu wa gharama. Mwaka 2019 kampuni ya cPanel, ambayo paneli yake si huria, ilianza kutoza ada kwa kuhesabu akaunti, na wenye akaunti nyingi wakalazimika kutafuta njia nyingine. Hata hivyo, ndugu zangu, programu isiyo na ada si programu isiyo na gharama. Niruhusuni nitoe mambo manne niliyoyaona.

Kwanza, namba ya toleo. Daftari la majina hutunzwa katika seva mbili au zaidi, moja kuu na nyingine ya nakala. Seva ya nakala hutazama namba iliyoandikwa juu ya daftari. Isipoongezwa, huamini kuwa hakuna kilichobadilika. Chama kimoja kilihamisha barua pepe kwenye seva mpya, fundi akaandika anwani mpya kwa mkono, akasahau kuongeza namba hiyo. Kwa siku kadhaa seva moja ikawa inajibu habari mpya, na ya pili habari za zamani. Barua ya mnunuzi aliyetaka sampuli za kahawa ikaenda kwenye seva ya zamani, ambayo hapakuwa na mtu wa kuisoma. Kahawa ile iliuzwa baadaye, tena kwa bei ya chini. Paneli nyingi huongeza namba hiyo zenyewe, na kwa sababu hiyo nawashauri wasio mafundi watumie paneli kuliko kuandika faili kwa mkono. Katika faili la BIND, hata nukta moja ikikosekana mwishoni mwa jina kamili, programu hulibandika jina la kikoa mara ya pili, na anwani ikapotea.

Pili, seva mbili katika chumba kimoja. Nilikuta seva kuu na ya nakala zimewekwa juu ya meza moja, zinatumia waya mmoja wa umeme. Huko ni kuweka kitabu na nakala yake katika kasha moja. Chama na chama jirani wanaweza kutunziana nakala. Huo nao ni ushirika.

Tatu, uangalizi. Mwezi Oktoba 2018 ilibainika kwamba wadukuzi walikuwa wameingilia faili la kusimika paneli iitwayo VestaCP, ili maneno ya siri ya wasimamizi yawafikie. Uhuria wa programu hauilindi dhidi ya wezi. Lazima awepo mtu aliyepewa kazi ya kusimika masahihisho kila yatokapo, na kujaribu kurejesha nakala rudufu. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni ahadi tu.

Nne, na hili ndilo lililonileta hapa, ni umiliki. Nilikagua chama ambacho jina lake lilikuwa limeandikishwa kwa jina la kijana aliyetengeneza tovuti. Ada alilipa chama kila mwaka, na stakabadhi zilikuwapo. Kijana alipohama, ilani ya kulipia ikaenda kwenye barua pepe yake binafsi. Muda ukapita, jina likakatika, na chama kikakaa bila tovuti wala barua katikati ya msimu. Sikuona wizi. Niliona chama kilicholipia mali ambayo haikuandikwa kwa jina lake. Hakuna programu, huria au ya kununua, inayoweza kuponya kosa hilo.

Kwa hiyo naomba kila Katibu, kabla ya ukaguzi ujao, ahakikishe mambo haya: jina limeandikishwa kwa jina la chama, anwani ya mawasiliano ni ya ofisi, wala haitegemei jina hilohilo, tarehe ya kulipia imo katika kalenda ya Bodi, na maneno ya siri yamefungwa katika bahasha yenye lakiri, ndani ya kasha la chama. Nami nitakapokuja kukagua, nitaiomba bahasha hiyo pamoja na kitabu cha fedha.

Ndugu zangu, hatukubali mtu mmoja aondoke na rejista ya wanachama nyumbani kwake. Basi tusikubali aondoke na jina letu.